Barua pepe zinaingia lakini hazitoki nikiwa safarini: tatizo liko wapi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Anwani yangu ya barua pepe nilipewa na kampuni inayoniletea intaneti nyumbani, na nimeitumia miaka mingi kwenye kompyuta mpakato bila shida. Sasa niko safarini kikazi. Kwa Wi-Fi ya mahali nilipofikia barua zinaingia vizuri, lakini kila nikituma napata ujumbe wa kosa unaoanza na 550, na ndani yake kuna neno "relay". Nikihamia hotspoti ya simu, hata hilo kosa silioni. Programu inazunguka tu mpaka inaacha yenyewe. Nywila ni sahihi, maana barua zinaingia. Mwenzangu mmoja ameniambia niwaombe wenyeji wangu seva yao ya kutuma barua. Mwingine ananiambia nizime antivirasi. Nifuate lipi?

Jibu: Usifuate hata moja, ndugu yangu. Fungua mipangilio ya barua zinazotoka kwenye programu yako, uondoe poti 25 na kuweka 587 ukichagua STARTTLS, au 465 ukichagua SSL/TLS. Poti ni nambari ya mlango ambao programu inagonga kwenye seva, na STARTTLS na SSL/TLS ni namna mbili za kusimba mazungumzo, yaani kuyaficha yasisomwe njiani. Kisha uwashe uthibitisho wa mtumaji, yaani programu itoe jina la mtumiaji na nywila kabla ya kutuma chochote. Kwa dalili ulizoeleza, sioni sababu kubwa ya kutafuta pengine. Kama una barua inayokusubiri, ishia hapa ukajaribu. Kama una nafasi, endelea kusoma, kwa sababu makosa uliyoyaona ni mawili tofauti, na anayejua kuyatenganisha hababaishwi na mtandao wowote wa ugenini.

Tuanze na hoja yako kwamba nywila ni sahihi kwa kuwa barua zinaingia. Hoja hiyo inathibitisha upande mmoja tu. Kupokea na kutuma ni kazi mbili zinazotumia itifaki tofauti, na mara nyingi seva tofauti pia. Barua zinazoingia huchukuliwa kwa IMAP au POP, na hizo hudai nywila popote ulipo, kwani hakuna kampuni itakayomfungulia mtu sanduku la mwenzake. Barua zinazotoka hupita kwa SMTP, na huko inawezekana kabisa programu yako haijawahi kutoa nywila hata mara moja. Miaka yote uliyotuma ukiwa nyumbani, hakuna aliyeiuliza.

Hakuiuliza kwa sababu SMTP ni kongwe. Maelezo yake yaliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenye kuziendesha wakifahamiana. Hayakuwa na mahali pa kumuuliza mtumaji yeye ni nani. Kampuni za intaneti zilipoanza kugawa anwani kwa wateja, zikachukua njia nyepesi: seva iangalie anwani ya IP, yaani nambari ya muunganisho, ya anayepiga hodi. Ikiwa ni ya laini zetu, barua ipite. Ikiwa si yetu, irudi. Ni kama mlinzi wa geti anayemfungulia kila anayetokea ndani ya ua, bila kumtazama usoni. Hajui jina lako wala hajali. Anajua umetokea upande gani. Ukiwa safarini unagonga kwa nje, na kwake wewe ni mpita njia.

Ukali huo una historia. Hadi katikati ya miaka ya 1990 seva nyingi zilikubali barua ya yeyote kwenda kwa yeyote. Watuma barua taka wakazivamia, wakawa wanamwaga matangazo yao kwa gharama ya wenye seva. Seva iliyoachwa wazi iliishia kwenye orodha nyeusi, na barua za wateja wake halali zikaanza kukataliwa kila zilikokwenda. Ikabidi zifungwe. Kwa hiyo kosa lako la 550, ambalo mara nyingi hufuatwa na nambari 5.7.1, linasema hivi: nimekusikia, lakini sikutambui, na sitabeba barua yako kwenda kwa watu wa nje. Kubeba huko ndiko kunakoitwa "relay".

Zingatia hayo maneno "watu wa nje". Seva hiyohiyo inayokukatalia bado ina wajibu wa kupokea barua zinazokuja kwa wateja wake, zitoke wapi. Ndiyo maana mtu akiwa katika hali yako anaweza kujitumia barua mwenyewe, au kumtumia jirani mwenye anwani ya kampuni ileile, ikafika bila tatizo, halafu akimwandikia mtu wa Gmail ikakataliwa papo hapo. Ukiona mgawanyiko wa namna hiyo, umepata jawabu kabla hujafungua mipangilio yoyote: ni suala la kutotambuliwa. Antivirasi haiwezi kuchagua barua kwa ustadi huo.

Sasa hotspoti. Huko hukukataliwa, hukufika. Mitandao mingi, ya simu na ya wageni, inafunga poti 25 kwa kila kinachotoka. Sababu ni kompyuta zilizoambukizwa virusi, ambazo hutuma barua taka moja kwa moja kwa seva za dunia nzima bila mwenye kompyuta kujua, na njia yao ni poti hiyo. Mwenye mtandao akiifunga, amekata mzizi wa tatizo. Na wewe, ambaye programu yako bado inatumia poti ileile kwa mazoea ya zamani, umekumbwa pamoja nao. Mtandao unaofunga poti kwa kawaida haukuambii kitu. Unanyamaza tu, na programu yako inasubiri jibu lisilokuja.

Huu ndio utambuzi ninaoutegemea kuliko wote katika kazi hii: je, umejibiwa au umekutana na kimya? Jibu lenye nambari, hata likiwa kali, linamaanisha kuna seva mahali fulani imekusikia, na tatizo liko kwenye utambulisho au kwenye barua yenyewe. Kimya kinamaanisha njia imezibwa, au umekosea jina la seva, au poti na aina ya usimbaji haviendani. Watu wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha nywila huku shida yao ni kimya, au wakiwasha na kuzima ruta huku seva imeshawaambia waziwazi kwamba haiwatambui.

Kuna kasoro moja katika kanuni hiyo, nayo inakuhusu. Baadhi ya mitandao ya wageni haifungi poti 25, bali huiteka: unadhani unaongea na seva ya kampuni yako, kumbe mtandao umekugeuzia seva yake. Hapo hiyo 550 yaweza kuwa imetoka kwa seva usiyoijua kabisa. Soma ujumbe wa kosa wote, si nambari peke yake. Ukiona ndani yake jina la seva ambalo si la kampuni yako, umejua nani anakujibu. Dawa haibadiliki, ila angalau hutapiga simu huduma kwa wateja kuwalaumu kwa jambo wasilolifanya.

Dawa yenyewe ilitengenezwa zamani kidogo. Desemba 1998 poti 587 ilitengwa rasmi kwa ajili ya watu wanaokabidhi barua kwa seva yao, na poti 25 ikabaki kwa seva kuzungumza na seva. Mwaka uliofuata ukatoka utaratibu wa mtumaji kujitambulisha kwa jina na nywila ndani ya SMTP. Tangu hapo hakuna ulazima wa seva kukutambua kwa laini unayotumia. Inakutambua kwa siri uliyonayo, na siri unasafiri nayo. Mitandao ya wageni kwa kawaida huiacha 587 wazi, kwa sababu asiye na nywila hafiki popote kupitia hapo.

Poti 465 ina kisa chake. Ilitengwa mwaka 1997 kwa SMTP iliyosimbwa, ikafutwa muda si mrefu baadaye, lakini makampuni yakaendelea kuitumia kwa ukaidi, mpaka mwaka 2018 viwango vya intaneti vikairudisha rasmi na hata kuipendekeza. Kwa hiyo ukikutana na mwongozo wa zamani unaosema 465 imepitwa na wakati, ujue mwongozo ndio uliopitwa. Mimi, kama kampuni inatoa zote mbili, naichagua 465 kwa mtu anayesafiri. Kwenye 465 mazungumzo yanasimbwa kabla ya neno la kwanza. Kwenye 587 programu huanza kwa maneno ya wazi, kisha inaomba kusimba kwa STARTTLS, na mtandao wenye hila unaweza kulizuia ombi hilo. Ukitumia 587, hakikisha umechagua STARTTLS ya lazima. Programu kadhaa zina chaguo la kusimba "ikiwezekana". Hilo likatae, kwa sababu isipowezekana nywila yako itapita wazi mbele ya kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo.

Poti na aina ya usimbaji ni jozi, usizichanganye. Ukiweka 465 na STARTTLS, programu itasubiri salamu ya wazi ambayo seva haitoi, na seva itasubiri programu ianze kusimba. Wote wawili wanangojana mpaka muda unakwisha. Kwako itaonekana kama poti imefungwa, kumbe umekosea kisanduku kimoja tu. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa baada ya kubadilisha mipangilio kwa haraka.

Mahali pa kubadilisha hutegemea programu. Kwenye Thunderbird, seva za kutuma haziko ndani ya akaunti yako bali zimewekwa peke yake chini kabisa ya orodha ya mipangilio ya akaunti, na ndiyo maana watu wengi hawazioni. Kwenye Outlook ya zamani ya Windows, tafuta mipangilio ya ziada ya akaunti, kwenye ukurasa wa seva ya kutoa, uweke alama kwenye kisanduku kinachosema seva inahitaji uthibitisho, kisha uiambie itumie taarifa zilezile za seva ya kupokea. Kwenye iPhone, ingia kwenye akaunti yenyewe ndani ya mipangilio ya Mail, ubonyeze SMTP. Hapo utaona jina na nywila vimeandikwa kuwa si vya lazima. Wewe vijaze. Angalia pia kama kuna seva nyingine za SMTP zilizowashwa chini yake, kwa sababu simu inaweza kujaribu nyingine pale ya kwanza ikishindwa, na barua ikaondoka kupitia kampuni usiyoikusudia.

Jina la mtumiaji siku hizi huwa ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata. Kampuni chache bado zinataka sehemu ya mbele tu. Ukipata 535, umefika na umesikika, ila jina au nywila haikukubaliwa; jaribu namna hizo mbili kabla ya kubadilisha nywila. Ukipata 530, programu haikujaribu hata kujitambulisha, rudi kwenye kile kisanduku. Na kama mipangilio ni sahihi lakini 535 haiondoki, ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari. Kampuni nyingine hushtuka zikiona mteja ameibukia nchi nyingine na kufunga njia mpaka athibitishe kwamba ni yeye.

Hili halikuhusu wewe, lakini kuna msomaji litamfaa: mwenye Gmail na programu ya nje hawezi tena kutumia nywila yake ya kawaida. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi mwaka 2022. Programu iingie kupitia ukurasa wa Google wenyewe, au, kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili, utengeneze nywila maalumu ya programu. Microsoft nayo ilifunga matumizi ya nywila tupu kwenye akaunti binafsi za Outlook.com Septemba 2024, kwa hiyo programu yako ya zamani inaweza kugoma hata ukiwa nyumbani.

Kabla hujalaumu mtandao, upime. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike, ukiweka jina la seva ya kampuni yako mahali pa huu mfano:

Test-NetConnection smtp.example.com -Port 587

Kwenye Mac au Linux:

nc -vz smtp.example.com 587

Rudia kwa 465, kisha kwa 25 kwa ajili ya kulinganisha. Ukiona muunganisho umefaulu kwenye 587 na umeshindwa kwenye 25, picha nzima iko mbele yako. Ukitaka kujua kama seva iliyojibu ni yenyewe, andika:

openssl s_client -connect smtp.example.com:465

Utamwagiwa maandishi mengi. Tafuta jina lililo kwenye cheti cha usalama na mstari unaoanza na 220, ambao ndio salamu ya seva. Majina hayo yawe ya kampuni yako, au ya kampuni inayoiendeshea barua.

Poti zote tatu zikigoma, fungua kivinjari kwanza. Wi-Fi nyingi za wageni zina ukurasa wa kukubali masharti, na mpaka uupite hakuna kinachotoka, ingawa alama ya Wi-Fi imejaa. Barua "zinazoingia" wakati huo zinaweza kuwa ni zile zilizokuwa zimeshapakuliwa. Na programu ikikuonya kwamba cheti cha seva hakiaminiki, usibonyeze kukubali ili mambo yaende. Angalia tarehe na saa ya kompyuta, kwa sababu saa iliyokosewa sana hufanya cheti kizima kionekane kimekwisha muda. Saa ikiwa sawa na onyo likabaki, ondoka kwenye mtandao huo.

Ushauri wa kuomba seva ya wenyeji ulikuwa na maana zamani. Leo utakuletea tatizo baya zaidi, kwa kuwa barua itaonekana imetoka salama lakini huenda isionekane na mtu. Kampuni zinazomiliki anwani hutangaza hadharani ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lao. Utaratibu huo unaitwa SPF. Pia huweka sahihi ya kidijitali kwenye kila barua, ambayo ni DKIM. Juu yake kuna DMARC, inayomwambia mpokeaji afanye nini vipimo hivyo vikifeli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na angalau moja kati ya SPF na DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe na zote tatu. Barua yako ikipitia seva ya wenyeji itakosa zote, na inaweza kutumbukia kwenye barua taka bila wewe kupata taarifa.

Antivirasi nimeshaigusa. Zipo zinazojiweka katikati ya programu na seva ili kukagua barua, na nyingine huharibu usimbaji. Lakini yako ilikuwepo nyumbani na barua zikatoka. Kilichobadilika ni mtandao, basi anza na kilichobadilika.

Watu huniuliza pia kuhusu VPN, yaani njia iliyosimbwa inayopitisha intaneti yako mahali pengine kwanza. VPN inayokurudisha kwenye ruta ya nyumbani kwako itafanya kazi, kwani kwa seva utaonekana umetokea nyumbani. VPN za kulipia haziondoi 550: anwani zake si za kampuni yako, na nyingi nazo zimefunga poti 25. Kwa tatizo hili ni kuzunguka mbuyu wakati njia iko wazi.

Ukiuliza kampuni yako na ikakuambia haina 587 wala 465, tumia barua kupitia kivinjari kwa safari hii, kwa sababu hapo SMTP ya kompyuta yako haihusiki kabisa. Ukirudi, fikiria kuhamia anwani isiyofungamana na laini ya intaneti. Sipendi kuona mtu anaendesha kazi zake kwa anwani ambayo anaweza kuipoteza siku anayobadilisha kampuni ya intaneti.

Mipangilio mipya usiirudishe ukifika nyumbani. 587 na 465 zinafanya kazi huko pia, na hakuna faida ya kuwa na mipangilio miwili. Kabla ya safari nyingine zima Wi-Fi ya nyumbani, washa hotspoti ya simu, utume barua moja ya majaribio. Itume kwa anwani ya kampuni nyingine, kwa maana ukijitumia mwenyewe hata mpangilio mbovu unaweza kupita.

Mwisho, zile barua zilizokwama kwenye folda ya kusubiri kutoka. Kabla ya kujaribu tena zihamishie kwenye rasimu, uanze na barua fupi isiyo na kiambatisho. Kiambatisho huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja kinapogeuzwa kuwa maandishi ya kusafiria, kwa hiyo faili la MB 20 linavuka MB 26 na linaweza kugonga ukomo wa ukubwa uliowekwa na seva; na kwenye mtandao dhaifu linaweza kukatika njiani na kuziba foleni nzima. Pia, muunganisho ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla haijakujibu, programu itadhani imeshindwa na itatuma tena. Kama kuna barua nyeti kati ya hizo, muulize mpokeaji kwanza kama hajaipata.

Ukikwama baada ya hayo yote, niandikie tena ukinipa ujumbe wa kosa neno kwa neno, poti na aina ya usimbaji uliyoweka, na matokeo ya vile vipimo kwa kila mtandao uliojaribu. Nywila usinitumie.